Mlima hauhami: Waliofika Kibo kwanza walikubali kurudi

Shika barabara ya Voi kwenda Taveta asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajaamka. Ukishapita Mwatate, Bura na Maktau, nyika inafunguka, na kama hewa ni safi utauona Kibo ukiwa umekaa mbele yako na kofia yake nyeupe. Mita 5,895. Kiserikali mlima uko Tanzania, lakini kwa mtu wa Taveta ni jirani anayeamkia kila siku.

Siku hizi kila kundi la haiki Voi, Wundanyi na Mwatate lina ndoto hiyo hiyo. Mnaanza na Sagalla Jumamosi moja, mnapanda Vuria, mnalala Kasigau, mnachanga pesa ya Lenana, kisha mtu anaandika kwenye grupu: "Wasee, mwaka huu ni Kili." Kutoka hapo picha ya kileleni inakuwa kama risiti. Bila ile picha ya ubao wa Uhuru, ni kama hukwenda.

Kuna picha nyingine ambayo haipandishwi mtandaoni. Ni ya yule aliyefika mita 200 chini ya kilele, akaangalia saa, akaangalia mwenzake anavyoyumba, akageuka. Huyo akirudi nyumbani anaulizwa swali moja tu: "Ulifika?" Akisema hapana, mazungumzo yanaishia hapo.

Ukifuatilia historia ya mlima huo lakini, historia iliyopitia hapa hapa Taita na Taveta, utakuta kwamba karibu kila jina kubwa ni la mtu aliyewahi kurudi bila kufika.

Taveta, lango la waliorudi

Mei 11, 1848, mmishonari Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro. Alikuwa ametoka Rabai mwishoni mwa Aprili, akapita Taita, akiongozwa na Bwana Kheri, mtu aliyeijua njia ya misafara. Alipoandika habari hizo, wasomi wa London walimcheka. Theluji karibu na ikweta? Haiwezekani.

Wenyeji hawakuhitaji kubishana. Miongoni mwa simulizi zilizoandikwa enzi hizo kuna moja inayosema kwamba mtawala mmoja wa Uchagani aliwahi kutuma watu wapande kuangalia kile kitu cheupe juu ni nini. Wengi hawakurudi. Aliyerudi alikuwa na mikono na miguu iliyoharibiwa na baridi. Kwa hiyo kabla Mzungu yeyote hajafika, watu wa mlima walishajua kwamba kule juu kuna mpaka, na ukiuvuka ovyo unalipa.

Wageni nao wakaja kujifunza somo hilo mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1861 Baron Karl Klaus von der Decken alipanda na mwanajiolojia Richard Thornton. Walifika kama mita 2,500 tu, wakarudi. Mwaka uliofuata alijaribu tena na Otto Kersten, akavuka mita 4,000, akarudi tena. Mwaka 1871 Charles New, mmishonari aliyekuwa akiishi pwani, alipita Taita na Taveta hadi Moshi, akapanda mpaka akaigusa theluji. Hapo ndipo safari yake ilipoishia. Mwaka 1887 Count Samuel Teleki wa Hungaria, aliyekuwa amepiga kambi Taveta na msafara mkubwa, alipanda juu kuliko hao wote. Naye hakuona kilele.

Wakati huo Taveta ilikuwa kituo cha misafara: kivuli cha msitu, maji ya Mto Lumi, chakula cha kununua kwa Wataveta. Watu walipumzika hapo kabla ya kupanda, wakapumzika tena baada ya kushindwa.

Oktoba 3, 1889

Jina linalokumbukwa kama la kwanza kileleni ni Hans Meyer, Mjerumani kutoka Leipzig. Kinachosahaulika ni kwamba alirudi mara mbili kabla ya kufika, na ya pili ilikuwa siku tatu tu kabla ya ushindi.

Mwaka 1887 alifika kwenye ukuta wa barafu. Hakuwa na vifaa vya barafu, akashuka. Mwaka 1888 alirudi Afrika Mashariki, lakini akakamatwa katika vita vya Abushiri pamoja na mwenzake Oscar Baumann, wakaachiliwa baada ya kulipa fidia. Mwaka 1889 akaja mara ya tatu. Alitoka Mombasa, akapita Taita na Taveta hadi Marangu, safari hii akiwa na Ludwig Purtscheller, Mwaustria aliyeijua barafu ya milima ya Alps kama mvuvi wa Vanga anavyoijua bahari.

Meyer alikuwa ameshaelewa kilichowaangusha waliomtangulia, yeye mwenyewe akiwemo. Mlima peke yake haukuwa kikwazo. Walikuwa wanapanda wakiwa na nafasi moja. Chakula kikiisha, wapagazi wakishikwa na baridi, inabidi wote washuke hadi chini kabisa, na safari imekwisha. Kwa hiyo alipanga kambi kwa ngazi: moja Marangu, nyingine katikati, nyingine juu ya mita 4,300, huku chakula na kuni vikipandishwa kila baada ya siku chache. Mwini Amani, mtu wa Pangani, alikaa nao kwenye ile kambi ya juu katika baridi ambayo wapagazi wengine walikuwa wameiepuka. Huko Marangu, Yohani Kinyala Lauwo anakumbukwa hadi leo kama kijana aliyewaonyesha njia.

Oktoba 3 walitoka usiku. Wakaifikia barafu, na Purtscheller akaanza kukata ngazi kwa shoka, pigo baada ya pigo, kwenye mteremko mkali ambao mguu ukiteleza hakuna cha kushika. Mchana walifika kwenye ukingo wa kreta. Kilele kilikuwa kinaonekana, upande wa kusini, mwendo wa kama saa moja na nusu.

Walikuwa wamechoka kabisa. Saa zilikuwa zimekwenda. Wangeendelea, giza lingewakuta kwenye barafu.

Wakageuka. Baada ya safari tatu kutoka Ulaya, baada ya kutekwa vitani, kilele kikiwa mbele ya macho yao.

Walishuka, wakapumzika, wakahamisha kituo cha kulala juu zaidi ili wapunguze mwendo wa siku. Oktoba 6 walipanda tena. Zile ngazi walizokata siku ya kwanza bado zilikuwepo kwenye barafu. Walizifuata kama ngazi za nyumba, wakafika ukingoni asubuhi, na kabla ya adhuhuri walikuwa kileleni.

Hapo kuna jambo la kukaa nalo. Ngazi zilizowafikisha Oktoba 6 ndizo walizozikata siku waliyorudi. Na waliweza kurudi bila kupoteza kila kitu kwa sababu walikuwa wameiwekea akiba siku ya kurudi. Wahenga walisema kawia ufike.

Ubongo ukikosa hewa

Kwa nini basi kugeuka ni kugumu namna hii? Sababu moja iko kwenye mapafu na kichwa.

Watu hudhani kwamba huko juu oksijeni imepungua kwenye hewa. Kiwango ni kile kile, asilimia 21, Voi au Uhuru. Kinachopungua ni kanieneo ya hewa. Kileleni mwa Kilimanjaro, kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata Mombasa. Mwili unaweza kuzoea, lakini unataka siku kadhaa.

Sasa fikiria kijana wa Voi. Mji wetu uko kama mita 600 juu ya usawa wa bahari. Unaweza kuwa na mbio kali, unacheza mpira kila jioni, lakini hilo halikupi kinga yoyote ya mita 4,000. Wataalamu wa tiba ya milimani wanashauri kwamba ukishavuka mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya pale ulipolala jana, na kila siku tatu au nne upumzike. Linganisha na safari za wikendi za Mlima Kenya: Ijumaa mko njiani, Jumamosi mmetoka Old Moses, mita 3,300, mkalale Shipton's, mita 4,200. Hiyo ni mita 900 kwa siku. Wengine hupita salama. Wengine huanza kuumwa na kichwa, kutapika, kukosa usingizi.

Hizo ni dalili za mwanzo, na dawa yake ni kusimama. Usiongeze urefu mpaka zipoe. Hatari kubwa huja kwa sura mbili. Ya kwanza ni maji kujaa kwenye mapafu: mtu anahema hata akiwa amekaa, kifua kinakoroma, anakohoa. Ya pili ni ubongo kuvimba: anayumba kama mlevi, anaongea vitu visivyoeleweka, anakuwa mkali au mzubaifu. Zote mbili zinaweza kuua kwa saa chache, na tiba ya kwanza ni moja: shuka. Sasa hivi, hata kama ni usiku, na asishuke peke yake.

Utata ni kwamba ubongo unaotakiwa kuamua "nimezidiwa, narudi" ndio huo huo uliokosa hewa. Mgonjwa wa mlima mara nyingi ndiye wa mwisho kujua kwamba anaumwa. Atakwambia yuko sawa, twende tu, imebaki kidogo. Ndiyo maana uamuzi wa kugeuka hufanywa chini, kabla ya kuondoka, kichwa kikiwa bado na akili zake.

Kenya tumelijua hilo kwa uchungu. Mei 2022 tulishangilia James Kagambi alipofika kilele cha Everest akiwa na miaka 62, Mkenya wa kwanza kufanya hivyo. Mei 2024 tukaomboleza. Cheruiyot Kirui, mfanyakazi wa benki na mpandaji mwenye uzoefu, alifariki karibu na kilele hicho hicho akijaribu kufika bila mtungi wa oksijeni. Mwenzake, Nawang Sherpa, hakurudi pia. Taarifa zilizotoka kambini wakati huo zilisema Nawang aliwasiliana kwa redio akieleza kwamba mwenzake hakutaka kugeuka wala kuvuta oksijeni. Hakuna anayekaa kwenye kochi Nairobi au Voi mwenye haki ya kumhukumu mtu aliyekuwa kwenye urefu huo. Huko juu mtu si yule unayemjua. Familia yake iliamua mwili ubaki mlimani, isihatarishe maisha ya watu wengine kuushusha.

Mita 100 za Göran Kropp

Kuna hadithi ya upande wa pili. Oktoba 1995 Msweden Göran Kropp aliondoka Stockholm kwa baiskeli. Aliendesha hadi Nepal akiwa na mizigo yake yote, akabeba vitu vyake mwenyewe hadi chini ya Everest, akaanza kupanda bila oksijeni ya mtungi. Mapema Mei 1996 alifika kama mita 100 chini ya kilele. Urefu wa uwanja wa mpira. Akaangalia saa: mchana umekwenda, theluji ni nzito, nguvu zimeisha. Akageuka.

Siku chache baadaye, Mei 10 na 11, dhoruba iliwakuta watu waliochelewa juu ya mlima huo. Wanane walikufa. Kropp alipumzika, akapanda tena, akafika kileleni Mei 23.

Wanaopanda kwa skii huko Alps wakati wa baridi nao wana mazoea kama hayo. Kabla ya kutoka wanasoma taarifa ya maporomoko ya theluji, yenye ngazi ya 1 hadi 5, na wanakubaliana mapema: tukiona ufa kwenye theluji, au jua likipiga mteremko mapema kuliko tulivyotarajia, tunarudi bila mjadala. Hata Kibo kiliwahi kuona skii. Mwaka 1912 Walter Furtwängler na Siegfried König walizitumia kushuka barafu yake, enzi ambazo barafu hiyo ilikuwa kubwa kuliko kipande tunachokiona leo tukiwa Taveta.

Vilima vyetu navyo vina saa

Usidhani haya ni ya Everest tu. Hapa nyumbani hakuna theluji, lakini kuna sababu zetu za kugeuka.

Chukua Kasigau. Mita 1,641, si ndefu, lakini inasimama ghafla kutoka kwenye nyika, na njia za kutoka Rukanga au Bungule zinapanda kwa hasira. Chini ni kichaka kikavu, jua kali. Juu ni msitu wa ukungu, miamba yenye utelezi, miti iliyovaa kuvu. Kati ya Juni na Septemba, upepo wa kusi unapoleta mawingu, unaweza kutoka kwenye jua ukaingia kwenye ukungu usioona mtu aliye hatua kumi mbele yako.

Halafu kuna ndovu. Hii ni Taita Taveta, tumezungukwa na Tsavo na ranchi. Kule Sagalla wakulima wamezungushia mashamba uzio wa mizinga ya nyuki ili kuzuia ndovu. Ukichelewa kileleni ukashuka na giza, hutasumbuliwa na utelezi peke yake. Jua hapa linazama karibu saa kumi na mbili na nusu, na wanyama wanatoka. Kwa hiyo mwelekezi wa kijijini akisema saa saba mchana ni saa ya kugeuka, popote mlipo, anaijua njia ya nyumbani kuliko wewe.

Vuria yenyewe, kilele kirefu kuliko vyote vya Taita, zaidi ya mita 2,200, ina minara ya mawasiliano na barabara, na watu huidharau. Lakini mvua ya Wundanyi haina taarifa. Mtu aliyevaa fulana ya jasho, kwenye upepo na manyunyu, anaweza kupoteza joto la mwili haraka kuliko anavyofikiri.

Presha ya kundi, presha ya pesa

Tuseme ukweli: wengi hawaendelei kupanda kwa sababu ya mlima. Wanaendelea kwa sababu ya watu.

Kuna pesa. Raia wa Afrika Mashariki hulipa ada nafuu ya mbuga kuliko wageni, lakini bado Kilimanjaro si safari ya mfuko mmoja. Umeweka akiba mwaka mzima, umeomba likizo, umekopa jaketi. Kila hesabu inakwambia usirudi. Lakini pesa hiyo imeshatumika, ufike usifike. Haiwezi kurudishwa na kilele. Kilichobaki mkononi ni kesho yako tu.

Kuna kundi. Hakuna anayetaka kuwa "yule aliyetuangusha". Kwa hiyo mtu anaficha kichwa kinavyouma, anatapika kando ya njia kisirisiri, anasema yuko poa. Kundi zuri ni lile ambalo mtu anaweza kusema "sijisikii vizuri" na hakuna anayecheka.

Na kuna mwongozaji. Huwezi kupanda Kilimanjaro bila mwongozaji mwenye kibali, na kazi yake si kukubebea ndoto. Akikwambia urudi, anapoteza raha ya picha ya pamoja, pengine na bakshishi. Akisema hivyo hata hivyo, ujue ameona kitu ambacho wewe hukioni. Usimbishie.

Kabla hujafunga buti

Kaeni chini kama kundi, siku moja kabla, mkubaliane mambo machache. Saa ya kugeuka ni ngapi? Itajeni na muiandike. Nani ana sauti ya mwisho? Awe mtu mmoja. Mmoja wetu akizidiwa, nani anashuka naye? Hapo ndipo kuwa na waongozaji zaidi ya mmoja kunalipa, kundi linaweza kugawanyika bila mgonjwa kuachwa.

Mpimeni mwenzenu mnayemtilia shaka: mwambieni atembee mstari ulionyooka, kisigino kikigusa kidole. Akishindwa, mjadala umefungwa, anashuka. Kama unatumia dawa za kuzuia ugonjwa wa mlima, zungumza na daktari kwanza, na usizitumie kama ruhusa ya kukimbia.

Na piga hesabu ya kushuka. Usiku wa kilele kwa njia ya Marangu unatoka Kibo Hut, mita 4,720, unapanda mita 1,175 hadi Uhuru. Siku hiyo hiyo unashuka mita 2,175 hadi Horombo, kwa magoti yale yale. Ukitumia nguvu zako zote kufika juu, umekopa za kurudi, na mlima haukopeshi.

Hata hifadhi yenyewe inalielewa hili. Anayefika Gilman's Point, kwenye ukingo wa kreta, mita 210 chini ya Uhuru, hupewa cheti. Meyer na Purtscheller waligeuka kwenye ukingo huo wa kreta Oktoba 3, 1889, na hakuna aliyewahi kuwaita waoga.

Kwa hiyo safari ijayo, mtu wa kundi lako akirudi bila picha ya ubao, badilisha swali. Usimuulize kama alifika. Muulize ilikuwaje, aliona nini, aliamuaje. Huenda ana mambo ya maana ya kukufundisha kuliko yule mwenye picha. Kisha muulize anarudi lini, umsindikize.